Mkataba wa nyumba wenye gharama zilizofichwa: je, mpangaji analazimika kuzilipa?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nimepanga chumba na sebule Mbagala kwa 100,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Nilipokwisha hamia ndipo nikadaiwa 20,000 ya kitasa, 30,000 ya kunyonya choo nilichokikuta kimejaa, na hela ya taka. Nilipoweka umeme wa kwanza, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ikakata 6,000 ya kodi ya jengo ya miezi ambayo chumba kilikuwa kitupu. Nimelipa yote kwa kuogopa kufukuzwa. Sasa nadaiwa 50,000 ya kupaka nyumba rangi. Mwenye nyumba anasema nilisaini mkataba. Ustadhi wa mtaani kwetu ameniambia nilipe, kwani Waislamu hufuata masharti yao, na ndiyo desturi ya Dar. Mume wangu amefariki, nina watoto wawili, nauza vitafunwa. Nikikataa nitakuwa na dhambi? Na naweza kujikatia kimyakimya kwenye kodi ijayo? Nakutumia picha ya mkataba.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Allah amrehemu mumeo na akukuzie wanao katika kheri. Dada yangu, huna dhambi ukikataa hiyo 50,000. Kilichonifanya nikujibu kwa urefu ni fatwa uliyopewa, maana naisikia sana mjini hapa na inawaumiza wanyonge kwa jina la dini.

Kodi ya miezi sita kulipwa mbele ni nzito kwa mtu wa kipato chako, lakini haiwi haramu kwa uzito wake. Ilikuwa wazi na uliijua. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiwango ni maelewano ya wawili. Tatizo liko kwenye yale ambayo hamkuelewana.

Ustadhi amekusomea hadithi nusu. Katika riwaya ya Tirmidhi, baada ya kutajwa kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, kuna maneno yanayofuata: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na alikisahau kisa cha Barira, mjakazi ambaye Bi Aisha alitaka kumnunua ili amwache huru, kisa ambacho kimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mabwana zake walimwekea Bi Aisha sharti lisilo haki, Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari na kutangaza kuwa kila sharti lisilokuwemo katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yakiwa masharti mia. Saini haikisafishi kilichoharibika.

Kisha tujiulize, sharti lenyewe liko wapi? Nimeusoma mkataba wako. Ni ukurasa mmoja uliochapwa stesheneri. Umeandikwa kuwa mgeni asilale zaidi ya siku tatu, jiko la umeme na pasi ya kunyooshea nguo ni marufuku, geti hufungwa saa nne usiku. Kila kitu kina idadi na saa yake. Ikifika kwenye pesa, mstari wa mwisho kabisa unasema mpangaji atalipa "gharama nyingine zitakazojitokeza". Zipi? Kiasi gani? Mara ngapi kwa mwaka? Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani isiyojulikana mwisho wake, na hadithi hiyo iko kwa Muslim. Madhehebu yetu ya Shafi yameshurutisha ujira wa kukodisha ujulikane. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Shafi, amesema haisihi kukodi nyumba kwa malipo ya kuikarabati, wala mnyama kwa malipo ya kumlisha, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani. Na huo ndio mstari wako wa mwisho.

Hoja ya desturi ina sura nzuri zaidi, kwa hiyo inadanganya wengi. Ni kweli wanazuoni wamesema kinachojulikana kwa desturi ni kama kilichosharitishwa. Lakini wameiwekea mipaka: desturi iwe imeenea, pande zote mbili ziwe zinaijua, na isigongane na nassi, yaani Aya au hadithi. Hapa Dar es Salaam nyumba moja choo hunyonywa na mwenye nyumba, ya jirani wapangaji huchangishana, ya tatu mtu hadaiwi mpaka mwaka uishe. Hilo utaliitaje desturi? Kila geti lina lake. Na kama kweli kila mtu anajua, lingeandikwa pamoja na habari ya pasi. Halikuandikwa kwa sababu ukilijua kabla ya kutoa 600,000 ungeuliza bei nyingine au ungeenda kutafuta kwingine. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna unyevu, akamwambia mwenye nacho kwamba atughushiye si katika sisi. Allah ameruhusu mali kwa kuridhiana (An-Nisaa, 29), na mtu haridhii asilolijua. Hata Sheria ya Mikataba ya nchi yetu inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu.

Sasa madai yako. Kitasa si juu yako. Katika Minhaj hiyohiyo, kukabidhi ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, na ukarabati pia ni wake. Rangi imeingia humo. Choo ulichokikuta kimejaa, kukinyonya ilikuwa juu yake. Mtakachokijaza baadaye ni haki mchangie. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kuihamishia kwenye LUKU mwaka 2021 kulibadilisha njia ya kuikusanya, na si halali ulipe ya miezi ambayo hukuwapo. Taka ni zako, lipa na usinung'unike.

Ujira wa dalali hauna ubaya, Imamu Bukhari amewataja wanazuoni wa kale Ibn Sirin na Ataa kuwa hawakuona tatizo. Lakini kama mwenye nyumba alisema 80,000 na dalali akakutajia 100,000 ili achukue cha juu, hiyo ni khiyana. Muulize mwenye nyumba ana kwa ana alitaja ngapi.

Kujikatia kimyakimya sikushauri. Wako wanazuoni wanaoruhusu aliyedhulumiwa kuchukua haki yake, kwa dalili ya Hind mke wa Abu Sufyan, ambaye Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe bahili kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, lakini wewe una watoto ndani ya nyumba ile, na ukigundulika utaonekana wewe ndiye mwizi. Nenda kwa mwenye nyumba mchana, na ndugu yako au mtu mzima wa mtaani. Mwambie: nimetoa 56,000 zisizo zangu, naomba zihesabiwe kwenye kodi ijayo. Mwambie kwa heshima. Wenye nyumba wengi ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo, huenda hajawahi kuelezwa haya. Akikubali, andikeni. Akikataa, nendeni serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata lijaribu kuwapatanisha, na mwisho kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kudai haki huko hakupunguzi imani yako.

Miezi sita ikiisha, kabla hujatoa shilingi, taka orodha ya kila malipo na kiasi chake, iandikwe juu ya saini zenu, nakala moja ibaki kwako. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (Al-Baqara, 282) imeshuka kuhusu kuandika. Na huyo ustadhi, mpelekee jibu hili asome, kisha anipigie tuzungumze.

Wallahu a'lam.