Chuo cha Posta au cha Mlimani? Anza na utakapolala

Mdogo wangu, umesema kozi na ada za vyuo vyote viwili vya Dar es Salaam zinakufaa, cha Posta na cha Mlimani, ila umekwama kuchagua. Mimi ningeuliza kwanza: utalala wapi? Posta chumba cha bei ya mwanafunzi ni cha kutafuta kwa tochi, kwa hiyo wengi hupanga Mbagala, Kigamboni au Kimara. Ukiwa Kimara utategemea mabasi ya mwendokasi hadi Kivukoni, karibu na Posta. Sasa subiri masika, Machi hadi Mei: mvua ikikolea, bonde la Jangwani hujaa maji na barabara ya Morogoro, ambayo mabasi hayo hupita, hufungwa. Mwaka wa kwanza nilikosa jaribio kwa sababu hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Mlimani unaweza kupanga Changanyikeni ukaenda kwa miguu. Mimi ningechagua huko.

Ila usilipe kodi kwa picha za dalali, maana wenye nyumba wengi hutaka miezi 6 kwa mkupuo. Nenda mwenyewe jioni. Fungua bomba, uliza LUKU, yaani mita ya umeme, ni yako au mnachangia, angalia kama njia ina taa. Na mama ntilie wa karibu anafunga saa ngapi? Usiku wa kusoma utamhitaji.