Kicheko kilichomponza rafiki yangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza neno la Kiingereza titter tuliite nini kwa Kiswahili. Naomba nianze na jina lisilolifaa: "kucheka kwa dharau". Ndivyo mwalimu wetu wa Kiingereza alivyoliandika ubaoni nikiwa darasa la sita, nasi tukanakili.

Wiki ileile rafiki yangu wa dawati moja akaitwa mbele aeleze kwa nini hajalipa mchango wa madawati. Aliyesoma miaka ile anajua kusimamishwa kwa ajili ya mchango kulivyokuwa. Akafungua mdomo, kikatoka kicheko. Chembamba, cha puani, kinakatika halafu kinaanza tena. Akajiziba kwa kiganja. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, kwa hiyo hakuona niliyoyaona mimi: kisigino cha kulia kinasugua kifundo cha mguu wa kushoto, kinasugua tu, mpaka soksi ikateremka, na mkono wa pili umeshika pindo la sweta, unalisokota kama anayekamua nguo. "Unanicheka mimi?" Viboko vinne. Cha kwanza kilipotua akacheka tena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Machozi yalikuja baadaye, alipokwisha kukaa, na hata hapo mabega yalikuwa yakimruka kwa kicheko kilekile.

Sisi watu wa Kagera tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine, kwamba kicheko huweza kutoka bila dharau. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko kilichochanganyika na kilio, hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Nani atasema wale walikuwa na dharau?

Nilishika kalamu nikitaka kamusi ziandike "kicheko cha woga", basi. Lakini kusema kweli, Waingereza hulitumia neno hilo hata kwa watu wanaomcheka mtu kisirisiri huku wakijizuia wasisikike. Woga umo, na kejeli imo. Mwalimu yule hakulikosea neno sana; alimkosea mtoto. Basi kwenye kamusi nakubali "kucheka chinichini", kwa kuwa hilo linataja sauti, na sababu linamwachia aliyesikia aitafute. Ila kwa mwenye fimbo mkononi, bado naomba "woga" utangulie.

Rafiki yangu sasa ana wajukuu. Akija kunipa habari ya msiba, kwanza hujiziba mdomo kwa kiganja.