Kinyesi cha majimaji cha njiwa wa matunda

SWALI: Daktari, nina jozi ya njiwa wa matunda wenye kisogo cheusi. Wanakula vizuri na ni wachangamfu, lakini kinyesi chao ni majimaji na kina rangi ya papai ninalowalisha. Muuza ndege amenipa unga wa viuavijasumu nitie kwenye maji yao, akaniambia niwape na mtama ili tumbo likaze. Je, nianze dawa?

JIBU: Usianze, na mtama uuondoe leo. Firigisi ya njiwa mla nafaka ni nyama nene inayosaga punje kwa msaada wa changarawe, lakini ya njiwa wako, ndege wa misitu ya visiwa kama Java, Bali na Sulawesi, ni nyembamba na laini, na utumbo wake ni mfupi na mpana, kwa kuwa humeza tunda zima, akameng'enya nyama yake na kuitoa kokwa bila kuivunja. Mtama atakaomeza utatoka ulivyoingia, naye abaki na njaa.

Tunda lenye maji mengi hutoa kinyesi chenye maji mengi. Tandika karatasi nyeupe chini ya kitulio usiku, uitazame asubuhi: ukikuta vipande vyenye rangi ya tunda, maji maangavu, na ile sehemu nzito ya mkojo ikiwa nyeupe kweli, huyo ni mzima. Hofu ianze pale weupe huo unapogeuka kijani au manjano, ndege anapotunisha manyoya mchana, au mfupa wa kidari unapochongoka chini ya kidole chako. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya gramu, kwani uzito hushuka kabla ya dalili nyingine kuonekana.

Huo unga ndio unaonikera, maana naletewa ndege walioharibiwa nao mara kwa mara. Njiwa wa matunda hunywa kidogo, hivyo hakuna ajuaye amepata dawa kiasi gani. Kiasi hicho huua bakteria wanaomlinda, kuvu wakastawi ndani ya gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege. Baya zaidi ni pale ndege anapokuwa na trikomona, kimelea ambacho viuavijasumu vya kawaida havikigusi: mwenye ndege husubiri unga ufanye kazi mpaka koo la ndege linazibwa na utando wa manjano, ilhali tone moja la ute wa gole, likitazamwa kwa hadubini lingali bichi, lingeonyesha ugonjwa siku ya kwanza.