Msomaji Auliza: Usanifu Majengo au Uhandisi Ujenzi?

SWALI: Shikamoo, mwandishi wa safu. Mimi ni binti wa miaka 19, ninaishi Pasua, Moshi, na nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Tangu shule ya msingi ninapenda kuchora, na walimu wangu wamekuwa wakisema kwamba nitakuwa msanifu majengo. Baba anataka nisome uhandisi ujenzi kwa sababu, kwa maneno yake, msanifu huchora tu na kuchora hakumlishi mtu. Mwaka jana jirani yetu alipokuwa akijenga ghorofa, nilikwenda karibu kila jioni kuwatazama mafundi wakifunga nondo. Jambo moja lilinitatiza: kwenye slabu ya sebule nondo kubwa zilikaa chini, lakini kwenye balkoni ziliwekwa juu. Nilipomwuliza fundi, alinijibu kwamba injinia ndivyo alivyochora. Sikuridhika. Nyumbani nilichukua kipande cha godoro, nikakichora mistari ubavuni, nikakibana upande mmoja na kuuacha mwingine uning'inie. Mistari ikaachana juu na kusogeleana chini. Nichague kozi ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihesabu. Kuhusu kuchora umeandika sentensi moja, tena nusu yake ni maneno ya walimu. Kuhusu nondo za jirani umeandika sentensi nne na jaribio ulilolibuni mwenyewe.

Ulichokiona kwenye godoro ndicho hasa kinachomfanya mhandisi azipeleke nondo juu. Zege hustahimili sana kubanwa lakini ni dhaifu linapovutwa, kwa hiyo chuma huwekwa pale panapovutika. Slabu iliyoshikwa pande zote hubonyea katikati na kuvutika chini, ilhali balkoni inayochomoza bila nguzo huinama kama tawi la mparachichi lililoning'iniwa na mtoto, na gamba linalotaka kupasuka ni la juu. Nilipokuwa kijana katika saiti moja hapa Arusha, niliwahi kuona balkoni iliyofungwa nondo chini kwa sababu fundi alidhani mchoro umekosewa. Ilipoondolewa miti ya kuitegemeza ikachanika ukutani kabla ya jioni, ikabidi ivunjwe yote. Fundi yule alikuwa hodari kuliko wengi. Alichokosa ni hilo swali lako tu.

Msanifu majengo naye hukesha, ila kwa maswali ya namna nyingine: jua la saa tisa litaingia chumba gani, mgeni akifika atapita wapi bila kukatiza jikoni, ngazi ikae upande gani ili bibi asiichoke. Chuoni utapewa kazi isiyo na jibu moja, utakesha ukikata kadibodi za mfano wa jengo, kisha utabandika michoro ukutani na walimu wataikosoa mbele ya wenzako, na pengine utaambiwa uanze upya. Wapo wanaostawi kwa namna hiyo, na wapo wanaoumia kwa kutojua walikosea wapi. Mwanafunzi wa uhandisi huumia kwa njia nyingine: hesabu ikikosewa imekosewa, na hakuna maelezo mazuri yatakayoiokoa.

Dai la baba kwamba msanifu huchora tu silikubali hata kidogo. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, katika miaka ya 1970, na paa lake ni miavuli ya zege inayokinga mvua na kuyashusha maji ya kuhifadhiwa. Wazo kama hilo halitoki kwenye kikokotoo, ingawa bila hesabu za wahandisi lisingesimama.

Upande wa masomo, PCM inakuruhusu kuomba kote kuwili. Soma tu kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili uone alama zinazotakiwa. Shahada ya usanifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi ni ya miaka 5, na ya uhandisi ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya miaka 4. Shahada peke yake haikupi ruhusa ya kuwajibika kwa jengo, kwa kuwa kila fani ina bodi yake ya usajili, nawe utafanya kazi chini ya wakubwa kwa miaka kadhaa kabla ya kusajiliwa kuwa mtaalamu kamili.

Kwa barua hii peke yake, ningekupeleka uhandisi. Baba yako amefika mahali sahihi kwa njia mbovu, lakini usimwambie kwamba nimesema hivyo. Mkono wako wa kuchora hautapotea, maana mhandisi anayechora vizuri huwaokoa mafundi na makosa mengi. Hata hivyo, kabla hujajaza maombi, mwombe jirani akuazime michoro yote ya ghorofa lake, ya msanifu na ya mhandisi, ukae nayo siku mbili mezani. Katika ile ya mhandisi utaikuta karatasi ya balkoni, na nondo zako zimechorwa juu. Ukiona umeiweka pembeni na kurudia ile ya vyumba na madirisha, niandikie tena, nami nitabadili jibu.