Mfarishi wa mtoto: ujazo upi utalala laini?

*Shikamoo shangazi. Namshonea mwanangu wa kwanza mfarishi mwepesi wa vitambaa viwili na ujazo katikati, unaoangukia mwilini kama khanga. Fundi makochi ameniuzia poliesta ya kuweka katikati. Itafaa? – Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Mrudishie. Ile ya makochi imetengenezwa ili ukiibonyeza iinuke tena, na mara nyingi nyuzi zake zimeshikanishwa kwa gundi. Kwa kiti ni sifa, lakini kwa mtoto itasimama mbali na mwili na kumhifadhia jasho. Wewe tafuta pamba ya tabaka jembamba, ile iliyodungwadungwa sindano kiwandani mpaka nyuzi zikashikana zenyewe. Iliyochanganywa na nyuzi za mianzi hulala vizuri zaidi, ila bei yake hupanda.

Usinunue kwa macho. Omba kipande cha ukubwa wa leso ya mfukoni, ukitandaze juu ya ngumi yako. Kikishuka na kuufuata mkono, chukua. Kikibaki kimetanuka pembeni kama mwavuli, kiache hapo hapo dukani.

Na ukikosa vyote, nenda mitumbani ukatafute shuka ya flaneli iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Tabaka moja linatosha kwa joto la Dar. Mawili ni ya Njombe au Limuru. Mimi naipenda flaneli kuliko ujazo wowote wa dukani, kwa sababu ni kitambaa tayari na hulala kama kitambaa.

*Kwetu kuna msufi mkubwa, na mama hujazia mito sufi yake. Naweza kuitumia? – Pangani*

Iache kwenye mito. Unyuzi wa sufi una nta ya asili na unateleza, kwa hiyo haushikani na wenzake. Mto hauendi kwenye beseni kila mara. Mfarishi wa mtoto utakwenda, na ukitoka humo sufi yote itakuwa mabonge kwenye pembe.

*Shangazi, nimenunua pamba na mianzi nusu kwa nusu, tena ya bei, nikapitisha mistari ya cherehani kila sentimita 2, na bado mfarishi umekuwa mgumu kama ubao. Nimekosea wapi? – Minneapolis*

Pole sana, najua inavyouma baada ya kazi yote hiyo. Umesema mistari ya cherehani umeipitisha kila sentimita 2. Ugumu umetoka hapo. Kila mstari unafunga matabaka matatu pamoja, na mistari ikibanana hakuna kitambaa kinachobaki huru kujikunja. Fumua mmoja, ruka mmoja, fumua mwingine, kisha rudia hivyo kwa iliyobaki hadi nafasi ifike sentimita 8 hivi. Soma kwanza pakiti ya ujazo: huandikwa umbali wa mwisho unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono, na ukiuzidi, pamba itahama ukifua.

Angalia na bitana. Kama ni marekani mpya, bado ina wanga wa kiwandani. Ufue mfarishi mzima kabla ya kukata tamaa. Mingi hulegea beseni la kwanza tu. Safari ijayo tumia uzi mwembamba, hatua ya mshono iwe milimita 3, na matabaka uyashike kwa bandi ya mkono badala ya gundi ya kupuliza.

*Mwanangu ana miezi 3. Nimfunike nao usiku? – Nairobi*

Hapana, mama. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani, waliouhuisha mwaka 2022, unataka mtoto wa chini ya mwaka alale chali, bila blanketi, mto wala mfarishi karibu naye, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Usiku mvalishe nguo ya kutosha. Mfarishi mtandikie sakafuni akiwa macho, alale kifudifudi kidogo ukimwangalia. Hata ukiwa laini namna gani, jibu langu ni hilo hilo.

*Nifue vitambaa kabla ya kushona? – Mombasa*

Khanga na vitenge, ndiyo, kwani hutoa rangi. Pamba ya ujazo hurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye mfarishi wa mita moja, kadiria sentimita 3 mpaka 5. Ukipenda mikunjo midogo baada ya kufua, usiiloweke. Usipoipenda, iloweke maji ya vuguvugu bila kuisugua, uianike ikiwa imelala.

*Bibi ametuachia khanga yenye jina zuri. Nitaishonaje bila kuyaharibu maneno? – Unguja*

Usipitishe mstari juu ya jina. Kata mji, yaani sehemu ya katikati, pamoja na jina, halafu pindo ulitumie kuzungushia kingo. Shona kwa kufuata maua ya mji, na ukifika kwenye jina lizungushe kwa mshono wa mkono, nusu sentimita nje ya herufi. Khanga ya pili ya doti, kama ipo, iwe bitana.