Kanisa ndani ya msikiti, na maswali mengine ya safari ya Uhispania

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi na mke wangu tutakuwa Uhispania siku tano, tumepangiwa Sevilla, Córdoba, Granada na Toledo, yani karibu kila siku mji mpya. Jamaa mmoja kaniambia Córdoba kuna msikiti una kanisa ndani, nikadhani ananitania. Ni kweli? Na naweza kuswali humo? Halafu mke wangu ana shida ya magoti, ngazi nyingi haziwezi. Tupunguze mji gani?

JIBU: Hajakutania bwana. Tena ukiingia hilo kanisa hulioni haraka, unatembea weee katikati ya nguzo, ziko zaidi ya 850, juu matao mekundu na meupe, kiza kidogo, mara dari inapaa na mwanga unamwagika, hapo ndo umefika kanisani. Msikiti aliuanzisha mtawala Mwislamu wa huko, Abd al-Rahman wa kwanza, miaka ya 780, Wakristo wa ufalme wa Castilla wakauteka mji 1236 wakaufanya kanisa bila kuuvunja, karibu miaka mia tatu hivyo hivyo, mpaka 1523 askofu alipoanza kupasua katikati. Baraza la mji lilikataa katakata, lakini Mfalme Carlos wa tano akaruhusu.

Kuswali hapana, ndugu yangu. Ni kanisa kuu la Kikatoliki, misa inasomwa mle, walinzi wakikuona unarukuu watakuja kukuzuia. Lakini mihrabu ipo na dhahabu yake ya enzi ya mtawala wa baadaye, al-Hakam wa pili, kaiangalie kwa utulivu. Utaona haipo katikati ya ukuta, maana baadaye mtawala mwingine, al-Mansur, aliongeza msikiti upande wa mashariki tu. Na huko kwake tazama matao vizuri, yale ya zamani wekundu wake ni matofali kweli, yake ni mawe yamepakwa rangi (hata wakubwa hubana matumizi!). Ila kinachonifurahisha mimi zaidi ni matao kupangwa mawili mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu nguzo nyingi ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi (waliotawala kabla ya Waislamu) zikawa fupi, fundi akaona apandishe dari kwa njia hiyo.

Mji wa kutoa ni Toledo. Naumia kusema hivyo, kuna sinagogi pale lenye matao kama ya msikiti na linaitwa Santa María la Blanca, yani dini tatu kwenye jengo moja, na mchoro mkubwa wa mchoraji El Greco uko kanisa la Santo Tomé. Lakini Toledo iko jirani na Madrid, hiyo mitatu yote iko Andalucía huku kusini, na mji wenyewe ni vilima vitupu, magoti ya shemeji yatalia. Kama ndege yenu inaondokea Madrid mtaipitia siku ya mwisho.

Granada kateni tiketi za Alhambra, ile ngome ya kifalme, mapema sana, majumba ya Wanasri (wafalme Waislamu wa mwisho Uhispania) mnaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi na mkichelewa imekula kwenu.

Sevilla shemeji atafurahi. Mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti, hauna ngazi, una njia za mteremko 35 zinazozunguka mpaka karibu na juu, vidato vichache tu mwishoni. Ukitoka hapo vuka uingie Alcázar, neno lenyewe ni kasri hilo hilo letu, kama vile mezquita ni msikiti. Jumba kuu la mle alijenga Pedro wa kwanza, mfalme Mkristo, miaka ya 1360, akatumia na mafundi wa Granada. Inua macho pale mbele juu ya mlango, utaona maandishi ya Kiarabu ya bluu na nyeupe: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.