Falsafa chukua, ila mantiki uianze mapema

Mdogo wangu, unauliza kama uchukue falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi ilhali mzee anashikilia usome sheria. Mimi nasema chukua. Somo la mantiki, yaani kanuni za hoja sahihi, ndilo huwatoa wengi jasho: huandikwa kwa alama kama hesabu, na ukilala wiki mbili umeachwa. Fanya mazoezi kila siku. Kusoma nako ni polepole. Kurasa 10 za Kant, mwanafalsafa Mjerumani, zaweza kukumalizia jioni nzima, na hiyo ni kawaida kabisa. Tena usiishie kwa wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Hapo Chuo Kikuu cha Nairobi ndipo alipofundisha Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyewaendea wazee wenye hekima vijijini na kuwabana kwa maswali mpaka watetee kauli zao kwa hoja. Msome mapema. Mzee mwambie sheria yaweza kufuata baadaye. Aliyezoea kupima hoja hasumbuki sana huko.